Uzito wa Nyuma

Trekta la Vidoje lilifika uani likiwa uchi. Lilishushwa kutoka kwenye lori asubuhi ya Jumanne, jekundu, dogo, limekwisha lima mpunga wa Wajapani miaka kumi na minane kabla ya kuuzwa huku kwetu kwenye vilima vya Šumadija, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Plau hakuna, haro hakuna, tela hakuna. Mikono miwili ya chuma ilining'inia hapo nyuma kama ya mgeni aliyekuja karamuni bila zawadi.

Stamenka alilizunguka mara mbili, mikono ameificha chini ya aproni.

"Hili linafanya nini?" akauliza.

"Linafanya kila kitu," akajibu Vidoje mumewe, kiganja chake kimetulia juu ya boneti.

"Kwa kutumia nini?"

"Mwanamke we, ndiyo kwanza limeshuka! Liache lipumue."

Kulipata trekta lile, walikuwa wamemuuza ng'ombe wao wa pekee. Verica, binti yao anayetunza wazee wa watu huko Graz, alikuwa ameongezea euro zake. Na bado hazikutosha, Vidoje akachukua na pesa ya msingi wa kaburi. Msishangae. Kwetu mtu mwenye akili hawaachii watoto wake kazi ya kumtafutia jiwe. Jiwe lao lilikuwa limekwisha chongwa na kulipiwa: sura zao wawili, majina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu ya kujazwa siku ikifika. Lilibaki kuwekewa msingi wa zege kule makaburini. Sasa msingi ulikuwa umegeuka magurudumu, na jiwe lilikuwa limelala nyuma ya ghala, limefunikwa blanketi.

Pesa iliyobaki ilitosha kununua kifaa kimoja tu cha kufunga kwenye trekta. Stamenka alitaka tela, maana kwenye kilima chao kila kitu hubebwa: kuni, samadi, plamu. Vidoje alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akaenda akanunua kijiko cha mbele. Kijiko kilimpendeza macho. Kikipanda juu na kushuka, mtu anaonekana yuko kazini.

Muuzaji, kijana mwenye grisi hadi kwenye nyusi, alimwonya. "Mzee, ukichukua kijiko, chukua na uzito wa nyuma. Kilo mia tatu. Mbele kukiwa kuzito na nyuma kutupu, matako ya trekta yanainuka."

"Huo uzito wenyewe ni kitu gani?"

"Bonge la zege lenye vyuma vya kupachikia. Elfu thelathini na tano."

"Dinari elfu thelathini na tano kwa zege?" Vidoje alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mwanangu, kwetu mawe tunayatupa!"

"Basi mimina mwenyewe, mzee wangu. Lakini mimina kweli."

"Nitamimina," akasema Vidoje. Na tangu siku hiyo, leo mvua, kesho jua kali, keshokutwa mgongo.

Kitu kingine alichokifanya ni kung'oa fremu. Trekta lilikuja na fremu ya chuma nyuma ya kiti, ile ya kumkinga dereva asipondwe likipinduka. Matawi ya miplamu yalikuwa yakiigonga kila anapopita. Mtu mwingine angekata matawi. Vidoje alifungua bolti nne, akaisimamisha fremu ukutani, akaupandisha mzabibu juu yake. Kufikia Agosti ulikuwa umejiviringisha vizuri, na wageni waliusifu.

*

Kwetu chombo kipya lazima kinyweshwe, la sivyo hakileti heri. Jumapili ile ile ya kwanza Vidoje aliita majirani, akamwaga glasi ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, kwenye gurudumu, na nyingine zikaingia kooni.

Gvozden alikuja mapema kuliko wote. Huyu anakaa ng'ambo ya barabara, ana trekta kubwa la bluu, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyewalimia na kuwabebea mapipa. Pesa hakuchukua hata siku moja. Ilikuwa ujima: yeye analima, Stamenka anakwenda kumchumia rasiberi, Vidoje anakwenda kumpogolea miti. Hakuna aliyekuwa akihesabu.

Alilikagua trekta kwa heshima, akainama, akachungulia chini. "Zuri," akasema. "Lakini jirani, huku nyuma tia uzito. Na ile fremu irudishe. Huu mteremko wetu si wa kufanyia mzaha."

Labda angesema kesho yake, faraghani, mambo yangekuwa mengine. Lakini watu walikuwa wamesimama wanasikia, na Vidoje alikuwa kwenye glasi ya nne.

"Gvozden, sema ukweli, unaogopa nini? Unaogopa utakosa wa kumtumikisha? Miaka kumi na tisa mke wangu amekatika mgongo kwenye rasiberi zako. Imetosha! Kuanzia leo sihitaji mtu."

Gvozden aliiweka glasi yake mezani, hakuimaliza, akavaa kofia.

"Mungu akulinde nalo," akasema, akaondoka.

Stamenka alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo, Gvozden akimwona barabarani humwamkia yeye, "Habari ya asubuhi, shemeji," na Vidoje akiwa pembeni yake ni kama gogo.

*

Oktoba ikafika, na plamu zilikuwa zimekwisha chacha kwenye mapipa matano, zinanuka utamu mpaka nyigu wamelewa. Kijiji kizima kina mtambo mmoja wa kupikia rakija, uko chini kabisa kijitoni, kwa Radisav, na kila nyumba ina siku yake. Siku ya Vidoje ilikuwa Alhamisi. Ukiikosa, unangoja mpaka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa Novemba, na kufikia hapo mapipani hamna tena plamu bali siki. Rakija ile ndiyo kuni zao za majira ya baridi, na dawa zao, na chochote cha kumwekea mgeni mezani.

Jumatano mchana Vidoje aliamua kutanguliza pipa moja. Walilisukumia kwenye kijiko, wakalifunga kamba. Akavuta kishikio. Pipa likapanda, na nyuma nako kukapanda. Magurudumu makubwa yaliacha ardhi, trekta likainama kama mbuzi anayekunywa maji.

Akalishusha. Akakuna shingo. Akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni, na Stamenka alijua kabla hajafungua mdomo.

"Una kilo ngapi siku hizi?"

"Nenda zako!"

"Jibu tu. Tisini?"

"Vidoje, nina miaka sitini na nne."

"Sikuulizi miaka. Panda nyuma, tuwahi."

Huku kwetu jambo hili si geni, na ndiyo maana nalisema kwa aibu. Haro ikiwa nyepesi, hupandishwa mtoto. Tela likicheza, hupandishwa bibi. Hakuna kitu rahisi kama mtu wa nyumbani, halipiwi wala hamiminwi. Vidoje alilaza ubao juu ya ile mikono miwili ya chuma, akaufunga kwa waya, na Stamenka akakaa juu yake ameipa mbele mgongo, miguu inaning'inia, ameshika mnyororo kila upande.

Wakateremka hivyo katikati ya kijiji. Mbele ya duka la Milunka walikuwapo wanaume watatu na bia zao, na Milunka mwenyewe mlangoni.

"Lo! Stamenka!" akapaza sauti Milunka. "Ulikuja pamoja na trekta au umeuzwa kando?"

"Vidoje, hicho kifaa umekipata wapi?" akadakia mmoja. "Kinapika pia?"

"Kikipungua uzito uje umchukue wangu! Kilo mia na ishirini, na mdomo bure!"

Vidoje aliinua mkono kama bwana harusi. Yeye aliona wanalisifia trekta. Stamenka alitazama barabara ikikimbia chini ya miguu yake, uso unamwaka, akasema moyoni, Mungu wangu, heri ningekuwa ng'ombe, ningekuwa nimeuzwa.

Baada ya duka mteremko unakaza. Vidoje alikuwa amelipandisha pipa juu sana, ili aone njia chini yake, na plamu zilizochacha si mzigo unaotulia. Zilichapa mbele, zikarudi, zikachapa tena. Stamenka alihisi ubao unamwinua. Mara akawa anatazama mawingu. Hakufikiri, mwili wenyewe ulijitupa, akaangukia bega kwenye mtaro uliojaa upupu. Alisikia chuma kikigonga mti, kisha pipa likipasuka.

Alipoinua kichwa, trekta lilikuwa limelalia mjozi wa zamani ulio ukingoni mwa barabara, magurudumu ya upande mmoja hewani. Bila mti ule lingepinduka moja kwa moja, na juu ya kiti hapakuwa na fremu wala kitu. Vidoje alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, mweupe kama chokaa. Rangi ya zambarau ilitiririka barabarani kuelekea kijitoni.

"Uliruka!" ndilo neno lake la kwanza. "Kwa nini uliruka? Wewe ndiye uliyelipindua!"

Stamenka alikaa mtaroni, mikono imevimba malengelenge, akamtazama mumewe wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na mengi ya kusema. Alisema moja tu.

"Kesho sipandi."

"Kesho utapanda na utakaa katikati, utashika vizuri."

"Sipandi, Vidoje."

"Basi nitakwenda peke yangu," akasema, na wote wawili walijua kwamba atakwenda.

*

Alhamisi asubuhi Vidoje hakumaliza kahawa. Alishika njia kwa miguu kwenda kumbembeleza Radisav amsogezee moto hadi mchana, maana alikuwa amebakiwa na safari nne, pipa moja kila safari. Aliporudi tu angeanza.

Stamenka alizunguka jikoni. Akaosha kikombe kilicho safi. Akatoka uani, akalitazama trekta, boneti imebonyea, akarudi ndani. Akampigia simu Verica.

"Mama, mfichie ufunguo!"

"Nimeshafikiri. Juzi aliupoteza, akawasha kwa bisibisi."

"Basi mwite Gvozden na trekta lake!"

"Baba yako alimwambia mbele za watu kwamba hahitaji mtu."

"Baba ana kichwa cha jiwe, mama. Atakufa nacho," akasema Verica. "Wiki iliyopita tu hapa jirani walimtoa mtu chini ya trekta. Lilikuwa dogo hivyo hivyo. Watu hudhani dogo haliui."

Stamenka alikata simu, akabaki amesimama katikati ya jiko. Kichwa cha jiwe. Akatazama dirishani, ng'ambo ya ua, nyuma ya ghala. Kisha akavua aproni, jambo ambalo hafanyi ila anakwenda kanisani au kuomba, akavuka barabara.

Gvozden alikuwa anapasua kuni. Aliacha shoka.

"Habari ya asubuhi, shemeji. Bega vipi?"

"Umesikia."

"Kijiji kizima kimesikia. Kimenusa pia."

Stamenka alitaka kuanza kwa mbali, kama ilivyo adabu, aulize habari za mke na wajukuu. Hakuweza. "Gvozden, anateremka leo peke yake. Nisaidie. Nitakuja kwenye rasiberi mwakani, majira yote, bila siku ya kupumzika."

"Usinitukane, Stamenka." Alikaa juu ya gogo. "Tela langu liko mjini kwa mwanangu, linarudi Jumamosi. Na hata lingekuwapo, mimi mlangoni kwenu sikanyagi mpaka mwenyewe aniombe kwa mdomo wake."

"Hataomba. Unamjua."

"Namjua."

"Atakufa kwanza."

"Ndiyo," akasema Gvozden polepole. "Huyo atakufa kwanza."

Kuku walipita kati yao.

"Basi usimsaidie yeye," akasema Stamenka. "Nisaidie mimi. Nina kitu cha kufunga nyuma ya trekta, nina pini mbili, sina mnyororo wala nguvu. Kilo mia tatu, labda kasoro kidogo."

"Umemimina zege? Lini?"

"Si zege."

Alipomweleza, Gvozden alivua kofia, akaivaa tena. "Wewe mwanamke," akasema, "unaogopesha." Lakini alikuwa ameshasimama na kushika njia ya ghalani kwake, mahali mnyororo ulipo.

*

Walifanya kazi kwa haraka, bila maneno mengi. Stamenka alichukua kisu cha mkate akaukata mzabibu kwenye fremu, zabibu zake zikadondoka, naye hakuzitazama mara ya pili. Gvozden akaipachika fremu mahali pake, bolti mbili huku, mbili kule, akakaza mpaka spana ikalia. Kisha Stamenka akachukua msumeno, akakata matawi matatu ya miplamu iliyoinamia njia. Kazi ya miezi sita iliisha kwa dakika kumi.

Jiwe lilikuwa vipande viwili, kitako na bamba. Walivikokota kwa rola za mbao hadi nyuma ya trekta, wakavifunga pamoja kwa mnyororo, tayari kuvipachika kwenye mikono ya chuma. Gvozden alipolivuta blanketi, alisimama kidogo.

"Uso uelekee wapi, shemeji? Nje?"

"Ndani. Kwenye kiti chake."

Wakalipachika hivyo. Kutoka kwenye jiwe jeusi walikuwa wanatazama Vidoje na Stamenka, yeye na kilemba chake, mumewe na koti na tai. Gvozden aliinama akasogeza uso karibu.

"Hilo koti," akasema, "ni langu."

Kweli lilikuwa lake. Siku ya kupiga picha ya jiwe, Vidoje hakuwa na koti la kufaa, akavuka barabara akaazima.

"Hakuwahi kukwambia?" akauliza Stamenka.

"Aliniambia lina harusi ya kwenda." Gvozden alicheka kwa pua. Kisha akaacha kucheka, akalitazama lile koti kwa muda, akakaza mnyororo duru moja zaidi.

Lango likalia. Vidoje alikuwa amerudi.

Alianza kwa kuona fremu. Akaona mzabibu chini. Akamwona Gvozden uani kwake, na shingo ikaanza kumwiva. Mwisho akalizunguka trekta, akaona kilichofungwa nyuma, na mdomo ukamwachama.

"Mmefanya nini?"

"Uzito wa nyuma," akasema Stamenka.

"Hilo ni kaburi langu!"

"Na langu. Lilikuwa limelala tu."

"Umerukwa na akili? Nipite nalo kijijini? Watu watasema nini?"

"Jana nimepita mimi," akasema Stamenka, na sauti yake, ambayo miaka yote ilikuwa sauti ya kuuliza, haikuuliza kitu. "Nimekaa hapo hapo lilipo, wakacheka, nawe ukawapungia mkono. Sikiliza, Vidoje. Jiwe hili wiki hii linakwenda mahali. Ama linakwenda nyuma yako leo, ama linakwenda juu yako Jumamosi. Chagua, mimi nina kazi."

Vidoje alisogea karibu na trekta. Alitazama boneti iliyobonyea. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye fremu, ukaitikisa. Haikucheza.

Gvozden alikuwa anajifuta mikono. "Shemeji," akasema, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine, "mwambie mumeo pipa alibebe chini, kimo cha goti, si juu kama bendera. Na mteremkoni ashuke kinyumenyume, pipa libaki upande wa mlimani."

"Mwambie jirani nimesikia," akasema Vidoje.

*

Anayeshuka kinyumenyume lazima ageuze shingo atazame nyuma. Hakuna namna nyingine. Basi kutoka dukani hadi kijitoni, mita mia nne za mteremko, Vidoje aligeuza shingo, na kila alipotafuta barabara, alijikuta anajitazama mwenyewe. Vidoje, 1958, kistari. Kando yake Stamenka, 1960, kistari. Na baada ya kila kistari, nafasi imesuguliwa vizuri, inang'aa, imekaa tayari.

Mbele ya duka hakuna aliyecheka. Wale wanaume watatu walikuwapo, bia mkononi. Walipoona jiwe linakuja, mmoja alivua kofia, na wenziwe wakavua, kama inavyopasa jeneza likipita. Milunka alijipiga ishara ya msalaba. Stamenka alikuwa anatembea kando ya barabara na fimbo, hatua sawa na gurudumu, na Milunka alimwamkia kwa sauti ya chini, "Mchana mwema, mama Verica."

Pale kwenye mjozi, ganda la mti lilikuwa limechubuka hadi weupe wa ndani. Gurudumu lilipita juu ya jiwe dogo, plamu zikachapa ndani ya pipa, na Stamenka akasimama, roho mkononi. Trekta lilitikisika. Nyuma kukabaki chini. Vidoje alikuwa amekodoa macho kwenye jiwe, jasho linamdondoka puani mwezi wa Oktoba, na midomo inacheza. Baadaye alisema alikuwa anahesabu gia. Stamenka anajua alikuwa anasali.

Kijitoni, Radisav aliacha kuchochea moto. Naye kofia ilikuwa mkononi.

"Pole sana," akasema. "Ni nani?"

Vidoje alizima injini.

"Hakuna mtu," akasema. "Leteni kamba, tushushe pipa."

Walikwenda safari nne. Mara ya tatu Gvozden alikuwa tayari chini kijitoni, amekuja kwa miguu, anapokea mapipa na Radisav. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemuuliza. Pipa la mwisho liliposhuka, shaba ya mtambo ilikuwa imekwisha pata moto, na rakija ya kwanza ilianza kutoka, uzi mwembamba kama wa kushonea. Radisav alikinga kidogo, akampa mwenye zamu, ndiyo desturi. Vidoje aliishika glasi. Hakunywa. Aliivusha moto akampelekea Gvozden.

Gvozden hakuipokea. Alingoja.

"Gvozden," akasema Vidoje, macho chini. "Jumamosi nahitaji mtu. Wa kumimina zege."

"Hm," akasema Gvozden.

"Na koti lako..."

"Koti liache. Limeshachongwa." Akaipokea glasi. "Jumamosi tela linarudi. Nitakuja na mchanga."

Jua lilikuwa limeshuka juu ya kilima, na njia ya kurudi yote ni mpando. Vidoje alipanda kitini, akawasha, kijiko kitupu kimeshushwa kimo cha goti. Akamwona mkewe ameshika fimbo yake, yuko njiani.

"Stamenka! Umechoka na bega bovu. Panda nyuma, twende nyumbani."

Alisema kwa wema. Stamenka alisimama, akamtazama, akalitazama jiwe.

"Nyuma pana mtu," akasema, akaendelea kutembea katikati ya barabara, taratibu, kwa mwendo wake. Vidoje akaweka gia ya kwanza, akamfuata mpaka nyumbani, na honi hakuipiga.